Uzi mwekundu

Jana usiku binti yangu alikuwa akichagua soya kwenye ungo tuzirowanishe. Akanisogezea punje moja: "Mama, hii mbona ina jicho jeusi?" Sikumjibu mara moja. Nilikuwa nimeshafika Pemba, kondeni kwa shangazi, vuli ile.

Mwaka ule tofu yetu, ile jibini ya maziwa ya soya, ilikuwa ikirudishwa. Kijivu, wateja wanasema, ina madoa. Tatizo lilikuwa jicho. Soya tuliyoizoea ilizaa vizuri, lakini kila punje ina kovu jeusi pale iliposhikana na ganda, na weusi huo huingia kwenye maziwa. Nilikuwa nimepewa mbegu nyingine, punje nene, jicho jeupe, tofu yake inapendeza. Lakini ni mbegu ya nchi za kaskazini, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu. Huku kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, basi ikaharakisha kuchanua hata magotini haijafika, maganda ya kuhesabu. Nikasema nitaziozesha hizi mbili, chavua ya moja niipake kwenye ua la nyingine.

Nilizipanda kwa kupishana wiki ili zichanue pamoja. Ya jicho jeupe ina maua meupe, nikaifanya mama. Ya kwetu ina maua ya zambarau.

Ua la soya hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo lazima uliwahi likiwa kitumba, dogo kama punje ya mchele. Mikono yangu ilitetemeka. Nilivunja vitumba kumi asubuhi ya kwanza. Shangazi alikuwa kakaa pembeni ya tuta anashona kofia ya viua, akanitazama, akaweka kofia mapajani.

"Nipe hiyo sindano, mwanangu."

Akainama mpaka buibui ikagusa udongo. Alibana kikonyo kwa vidole viwili, akavua majani ya nje moja moja, kisha petali, kwa ncha ya sindano ileile ya kofia. Ndani mkabaki vijiti kumi vya kiume vimekizunguka kimoja cha kike. Alivitoa akihesabu kwa sauti ya chini kama anahesabu matundu ya kiua: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi akanyosha mkono bila kunyanyua macho, nikampa ua la zambarau lililofunguka asubuhi ile. Akakipaka kile cha kike chavua yake, taratibu, mara mbili. Halafu akakata uzi mwekundu wa kofia, akafunga kikonyo. "Huyu tumemuoza," akasema, akashika kingine.

Mimi nilifunga yangu kwa uzi wa buluu.

Vingi vilinyauka. Tulivuna punje saba, zote jicho jeupe, na hilo halikutuambia kitu, maana ngozi ya punje ni ya mama hata baba awe nani. Ukweli hutoka kwenye ua. Zambarau huishinda nyeupe. Mche ukichanua mweupe, ujue ua lilijichavusha kabla hujaliwahi. Masika ikaingia, tukapanda tena. Miche yangu mitano ilichanua, yote meupe. Miwili ya uzi mwekundu ikachanua zambarau. Shangazi alikuja na kanga ya kulalia, umande haujakauka, akasimama mbele yake muda mrefu asiseme neno.

Ilihitaji misimu mingine mitano au sita ya kupanda na kuchagua ndipo mbegu itulie. Mimi niliolewa Unguja kabla ya wa pili. Aliniwekea mbegu kwenye kopo la maziwa, lakini soya haivumilii unyevu wa kwetu. Niliporudi baada ya miaka minne, mwaka wa msiba wake, nilipanda zote na haikuota hata moja. Chini ya kopo mlikuwa na kipande cha uzi.

Nimemwambia binti yangu kwamba hilo ni kovu la kitovu, ndipo mamaake alipomshikilia. Akauliza tuitupe? Nikamwambia aiweke dirishani.