Miezi kumi ya Kigiriki

Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni. Nilipousaini mwaka jana tarehe hiyo ilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, kwa hiyo hakuna aliyenificha kitu. Huu ni wa nne tangu nimalize uzamivu, katika miji mitatu ya Uingereza, na kila mara kazi ni ileile: mhadhiri mwenye ajira ya kudumu amekwenda likizo ya utafiti, mimi nashika vipindi vyake vya Kilatini na Kigiriki mpaka arudi. Nakaa ofisini kwake. Vitabu vyake vimejaa rafu zote, vyangu nimevipanga dirishani.

Juzi Mama alinipigia kutoka Lindi.

“Mwanangu, hiyo kazi bado unayo?”

“Ninayo, Mama, mpaka mwezi wa sita.”

“Na mwezi wa saba?”

Mwezi wa saba na wa nane hakuna mshahara. Tena kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwenye ajira; ajira ikikatika, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine au uondoke. Hayo sikumwambia. Nilimwambia nimetuma maombi sehemu kadhaa, jambo ambalo ni kweli.

Kilatini nilikipata seminari ndogo, nikiwa kidato cha kwanza, kwa fadha mzee aliyetuimbisha amo, amas, amat (napenda, unapenda, anapenda) kila asubuhi kabla ya chai. Upadri haukuwa wito wangu, na gombera, mkuu wa seminari, alilielewa hilo mapema kuliko mimi. Kilatini kikabaki. Miaka ile sikujua kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa kinanirahisishia kazi. Nimekuja kuligundua huku, mbele ya vijana wa miaka 18 ambao katika lugha yao kivumishi hakibadiliki hata kikifuata nini.

Oktoba tulifika kwenye nauta bonus, baharia mwema. Nauta linaishia na -a kama maneno mengi ya kike, lakini kivumishi chake, bonus, ni cha kiume. Binti mmoja wa mstari wa mbele alikataa kabisa. Kwa nini visifanane? Nikaandika ubaoni: kijana mwema. Nikawaeleza kwamba neno hili linaanza na ki- kama kiti na kisu, ila hakuna Mswahili anayesema “kijana chema”, kwa sababu kijana ni mtu, na utu wake unalishinda umbo la neno. Baharia naye ni vivyo hivyo. Yule binti akaliandika daftarini, na mpaka leo akikutana na poeta (mshairi) au agricola (mkulima) hunong'ona “kijana mwema” kabla hajajibu.

Kigiriki ndiko nilikofurahi zaidi. Kuna umbo la kitenzi, hesteke, ambalo wanafunzi hulitafsiri kwa Kiingereza kama jambo lililokwisha kupita, halafu sentensi nzima inawapotea. Mlinzi wa lango alisimama, akaondoka, au vipi? Kwa Kiswahili neno lake ni moja tu: amesimama. Ukiambiwa mlinzi amesimama getini unajua yuko pale sasa hivi, wima. Tethneke, amekufa: hatusimulii kifo, tunasema hali aliyo nayo. Tofauti ya “alikufa” na “amekufa” mtoto wa Lindi anaijua kabla hajaanza shule. Nilitumia kipindi kizima hapo na sijutii hata dakika moja.

Lakini lugha hizi haziivi kwa miezi kumi. Mwanafunzi anayeanza alfa na beta Septemba huwa tayari kumsoma mwanafalsafa Plato vizuri mwaka wa pili, na mshairi Homer baadaye kidogo. Mimi nimefundisha alfabeti mara nne na sijawahi kumfikisha mwanafunzi wangu hata mmoja kwa Homer. Hilo linaniuma kuliko mshahara. Na wao linawaumiza: mwaka wa pili niliowakuta hapa walikuwa wamepitia walimu watatu. Vitenzi vya wakati uliopita walikuwa wamefundishwa mara mbili, sentensi za masharti hawakuzigusa. Miaka miwili baadaye mwanafunzi anatafuta barua ya kumdhamini, anamwandikia mwalimu kwa anwani iliyokwisha kufungwa. Tunaambiwa ajira za kudumu hazitolewi kwa kuwa wanafunzi ni wachache. Mimi naamini kubadilisha walimu kila mwaka ni sababu mojawapo ya kuwapunguza. Chama chetu cha wafanyakazi wa vyuo, UCU, kiliingiza mikataba hii ya muda katika madai ya mgomo wa mwisho wa 2019. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi bado, nikasimama getini na wenzangu kwenye baridi.

Wiki ya mwisho niliwapa hao wa mwaka wa pili aya mbili za Periplus ya Bahari ya Erithraea, mwongozo wa safari ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na mfanyabiashara asiyejulikana jina. Anafika pwani yetu, ambayo anaiita Azania. Anataja bandari ya Rhapta, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya mashua zake za kushonwa, na mimi nikawasimulia mtepe, ubao kwa ubao, kamba za makumbi. Anasema manahodha Waarabu waliokuja huko walioa wenyeji na waliijua lugha yao. Wataalamu bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi.

Halafu kisiwa cha Menouthias. Wavuvi wake, badala ya nyavu, wanateremsha gyrgathos kwenye midomo ya miamba. Kamusi ya Kigiriki inasema ni kapu la kusuka. Darasa likakwama: kapu litavuaje? Nikachora dema, mtego wetu wa samaki, fito zake, mlango wake unaoruhusu kuingia tu. Mjomba wangu aliyatega ng'ambo ya mwamba, nami nilikuwa nikimshikia kamba. Siwezi kuapa kwamba ndicho chombo chenyewe alichokiona yule Mgiriki, na niliwaambia hivyo. Mkono ulitetemeka kidogo nikichora.

Jana nimemwachia karatasi mezani mwalimu atakayefundisha Septemba. Nimeandika majina yote na kila mmoja ameishia wapi. Masharti wamemaliza. Hali tegemezi bado wanaichanganya, uwape wiki mbili. Yule wa mstari wa mbele anaogopa kusoma kwa sauti, lakini ukimpa muda anasoma vizuri kuliko wote. Periplus wameishia kwenye madema. Usiufute mchoro ulioko kona ya ubao kabla hawajarudi, wameniomba nisiufute.