Mgebuka wa Vifuniko na Ndala: Nilivyounda Samaki wa Takataka Kibirizi

Mgebuka wangu ana urefu wa mita nne na ushei, na hajapakwa rangi hata tone. Kwa mtu kama mimi anayekula kwa brashi, kazi yangu kuandika majina na kuchora nyota kwenye mitumbwi ya Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, hilo lilikuwa sharti nililojiwekea mwenyewe: kila rangi itoke kwenye takataka yenyewe. Bluu ya mgongo itoke kwenye vifuniko vya chupa za maji, nyeusi ya jicho itoke kwenye soli ya ndala. Ukipaka rangi, mtu anaona rangi. Usipopaka, anaona ndala yake.

Wazo nililipata pwani. Kule Lamu, Kenya, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ndala za rangi zote. Linaitwa Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mwaka huohuo wa 2018, katika mji wa Bruges kule Ubelgiji, alisimamishwa nyangumi anayechomoza kwenye mfereji, mrefu kupita mita 10, mwili wote plastiki iliyokusanywa kutoka Bahari ya Pasifiki. Picha hizo niliziweka kwenye simu, nikawa nawaonyesha vijana pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Jibu la kwanza nililopata: "Kaka, hiyo ni bahari. Sisi tuna ziwa."

Na walikuwa sahihi, tena kuliko walivyodhani. Wahamasishaji wanapenda kusema kila taka mwisho wake ni baharini. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie, ambao unaingia kwenye maji ya mto Kongo hadi Atlantiki. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haipiti Lukuga, inapanda juu kama mvuke. Plastiki haipandi na mvuke. Mvua zikianza Novemba, mitaro ya Mwanga na Gungu inakombwa na kumwagwa ziwani, na kingi kinachoingia kinakaa. Kina ni mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na huko chini maji hayachanganyiki na ya juu, wala hayana oksijeni. Kitu kikifika huko hakuna wimbi la kukirudisha mchangani. Basi nikaachana na kasa na nyangumi. Wa kwetu angekuwa mgebuka, samaki ambaye hata mtoto wa chekechea hapa anamjua kwa ladha.

Kazi niliianza ziwa likiwa limefungwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa na ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, sikuhangaikia sana, walikuwa na nafasi ya kunisikiliza. Wavuvi ndio waliokuwa na uchungu. Miezi mitatu bila kutoka, halafu anatokea mtu anaunda samaki.

Fremu ilikuwa ya nondo nyembamba, fundi wa kuchomelea amezikunja kwa kufuata mchoro wangu, juu yake waya wa kuku. Mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi, alikuja akaizunguka bila kusema neno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Samaki tumefungiwa, wewe unatuletea wa takataka?"

"Ni wa kufundishia tu, mzee wangu."

"Anaitwa nani huyu?"

"Mgebuka."

"Mgebuka gani ana kitambi? Huyu sangala." Akaokota kipande cha mkaa, akachora kwenye ubao wa banda mstari mmoja mrefu, mwembamba, mkia umepanuka kidogo. "Mgebuka ni mwenda mbio. Mnyooshe."

Tukarudi kwa fundi, nondo zikakunjwa upya. Ilinigharimu, lakini kuanzia hapo samaki hakuwa wangu tena. Kila aliyepita alikuwa na neno la kusema kuhusu pezi au jicho, na mwenye neno hakukosa mkono wa kusaidia. Waliofanya kazi kubwa ni washona nyavu. Mimi nilikuwa natoboa kila kifuniko kwa msharasi wa fundi viatu (msumari wa moto nilikataa, moshi ule wa plastiki si wa kuvuta), kisha nafunga kwa waya, kimoja kimoja, vidole vinatoka damu. Wao walichukua uzi wa nyavu chakavu na zile sindano zao bapa, wakavitunga vifuniko kama wanavyotunga maboya, mstari baada ya mstari. Upande wa kulia wa samaki, ambao ni wao, umekaa vizuri kuliko wa kushoto. Ukija utaona mwenyewe.

Malighafi nayo ilinipa somo ambalo sikulitafuta. Nilidhani ufukwe utakuwa umejaa chupa. Kumbe chupa zina wenyewe. Mama mmoja anayeokota na kuuza kwa kilo aliniambia waziwazi: "Mwanangu, chupa usiguse, huo ni ugali wangu. Vifuniko chukua." Tukakubaliana hivyo, akawa ananiletea vifuniko kwenye ndoo, na chupa nilizohitaji nikanunua kwake kwa bei anayouza yeye. Kinachobaki mchangani basi ni kile ambacho hakuna anayekinunua: ndala zilizokatika, nyavu, pakiti za biskuti, na vile vifungashio vyepesi vinavyong'aa. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kweli imepungua sana. Vifungashio vikarithi nafasi.

Kung'aa kwa mgebuka kulinisumbua akili kuliko yote. Rahisi ilikuwa kugeuza pakiti za biskuti, ndani yake ni rangi ya fedha tupu. Nikaweka chache juu ya bati la nyumba nione jua litazifanyaje. Zilikuja kukatika vidoleni kama jani la tumbaku lililokauka, na unga wake ukapeperuka kuelekea majini. Hilo ndilo tatizo la sanaa hii ambalo wengi hawalisemi: plastiki haiozi, inamegeka tu, na chembe zikishakuwa chini ya milimita 5 hakuna wavu wa dagaa utakaozinasa. Sanamu ya kuhifadhi ziwa inaweza kuwa ndiyo inayolichafua. Kwa hiyo pakiti tuliziacha kabisa. Magamba tuliyapata kwenye vitako vya chupa zisizo na rangi, vile vyenye umbo la ua. Jua la saa kumi likivipiga kwa ubavu, samaki anameta. Na tukamtundika chini ya paa la banda, mbali na mawimbi, na makubaliano kwamba kipande chochote kitakachoanza kukakamaa kinatolewa.

Tulimzindua ziwa lilipofunguliwa, katika siku za mbalamwezi. Hilo lilikuwa la makusudi: mwezi ukiwa mkubwa taa za dagaa hazivuti kitu, wavuvi wako nchi kavu. Hotuba hatukuandaa. Chini ya samaki niliweka ndoo ya maji na sahani yenye vipande: kifuniko, kipande cha chupa, kipande cha ndala, uzi wa nailoni, kifungashio. Mtu anakisia kipi kitaelea, halafu anatumbukiza. Karibu wote walisema chupa itaelea. Chupa yenye kifuniko huelea kwa sababu ya hewa, lakini plastiki yake yenyewe ni nzito kuliko maji, ikikatwa au ikijaa maji inazama. Nailoni inazama. Kifungashio kinaelea, mpaka kishike tope na ukoga. Vijana walirudia mara nyingi, wanabishana, wanawekeana dau la soda. Kijana mmoja wa mitumbwi akatazama ndoo, akatazama ziwa, akasema, "Kwa hiyo tunayookota ni yale yaliyoshindwa kuzama." Sikuwa na la kuongeza.

Tumboni kwa mgebuka tuliacha mlango. Ukiingiza mkono unatoa kitu. Mama muuza dagaa akatoa kifungashio, akakigeuzageuza, akacheka, kisha akanikazia macho: "Haya. Mimi dagaa nifungie nini?" Gazeti linalowa mafuta, mfuko wa karatasi unapandisha bei, na mteja anayepanda treni kwenda Tabora hataki harufu kwenye begi. Tulijadili mpaka jua likazama. Wengine walisema wateja waje na vikapu, yeye akasema msafiri hana kikapu. Bado sina jibu la kumpa, na sikujifanya ninalo.

Kilichonishangaza ni nyavu. Baada ya ile ndoo, wavuvi wengine waliacha kutupa nyavu zilizochanika wakiwa majini, wakawa wananiletea. Nilifurahi mwanzoni. Sasa ua wangu umejaa, zinanuka, panya wamehamia, na mke wangu ameshasema neno lake la mwisho. Mnunuzi wa chupa hazitaki. Nimewaomba BMU eneo la kuzikusanyia pale mwaloni, wamesema nipeleke barua, na barua nimeshaandika. Wakati nasubiri, nyavu nzuri kidogo wenye bustani za mchicha wanachukua kuzungushia kuku wasiingie. Zilizobaki zitakuwa mwili wa kuhe, samaki mwingine wa ziwa hili, maana yule nahodha ameshaanza kunichorea, na safari hii kitambi kinaruhusiwa.