Ubishi wa ngumi kwa vinyozi wa Philadelphia: mgeni ajue nini

Kwa vinyozi wa Philadelphia kuna ubishi usioisha: nani alikuwa bingwa bora wa uzito wa juu. Mtu wa kwetu hujitosa na jina la Muhammad Ali, watu wakaitikia, halafu swali la pili likamkwamisha.

Kwanza jua uko mji wa nani. Joe Frazier alizaliwa South Carolina, lakini ngumi zake ni za hapa, na gym yake ilikuwa mtaa wa North Broad. Rocky Balboa, bondia wa kwenye sinema tu, alipata sanamu mjini miongo kadhaa kabla ya Frazier, ambaye yake ilisimamishwa 2015, miaka minne baada ya kufariki. Jambo hilo bado linawachoma wenyeji. Kwa hiyo usitaje kwamba Ali alimpiga Frazier mara mbili kabla ya kutaja Machi 8, 1971, Madison Square Garden, ambako Frazier alishinda kwa pointi na kumlaza Ali raundi ya 15 kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Henry Cooper alishamwangusha kwa kushoto London mwaka 1963. Sababu ni ileile: Ali alizoea kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma huku mikono ikining'inia, na ngumi inayotokea ubavuni humkuta hukohuko anakokimbilia.

Kuhusu Kinshasa 1974, Ali alipomzimisha George Foreman raundi ya nane, utaulizwa kana kwamba ni mtaa wa pili kutoka Kariakoo. Usiishie kwenye habari ya Ali kuegemea kamba ili Foreman ajichoshe. Raundi ya kwanza Ali alifungua kwa mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia halitarajii kwa mpinzani mzoefu. Baadaye ndipo akaegemea kamba, akawa anamkandamiza Foreman shingoni kila walipokumbatiana. Foreman alikuwa amewamaliza Frazier na Ken Norton ndani ya raundi mbili kila mmoja. Kufika raundi ya nane amechoka hakukuwa jambo alilolizoea tena. (Wakitaka na habari ya Tanzania, ipo: Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam kushawishi Olimpiki ya Moscow isusiwe, na Mwalimu Nyerere hakumpokea.)

Halafu atatokea mzee wa 49-0. Rocky Marciano hakupoteza hata pambano moja, na mkanda aliuchukua hapahapa Philadelphia, Septemba 1952, akiwa nyuma kwa pointi hadi alipomzimisha Jersey Joe Walcott raundi ya 13. Mheshimu, ila uliza umri wa waliopigwa. Walcott alikuwa na miaka 38. Joe Louis alipopigwa na Marciano mwaka 1951 alikuwa na 37, ameshastaafu na kurudi. Uliza na uzito: Marciano alipanda ulingoni siku ya Walcott na pauni 184. Hapa kila kitu ni pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Hizo ni kama 83 na nusu. Lennox Lewis alipomtwanga Tyson mwaka 2002 alikuwa na pauni 249, kilo 113. Leo Marciano angepigana chini ya uzito wa juu kabisa.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kingine: bondia akiangushwa, anainuka na kushinda? Akipigwa, anarekebisha kosa? Louis alipigwa na Max Schmeling mwaka 1936 kwa sababu mkono wake wa kushoto ulishuka kila alipomaliza kuurusha, na kulia ya Mjerumani ikapita juu yake. Miaka miwili baadaye alimmaliza ndani ya raundi ya kwanza. Lewis naye alilipa kisasi kwa wote wawili waliompiga, McCall na Rahman. Tyson, bingwa akiwa na miaka 20 na wa kutisha kuliko wote kwa raundi nne za mwanzo, hakuwahi kuanguka kisha akashinda pambano hilo. Vijana watakuzomea. Waache.

Kwa kipimo hicho Larry Holmes anadhulumiwa. Anatoka Easton, jimbo hilihili la Pennsylvania. Earnie Shavers alimwangusha vibaya raundi ya saba mwaka 1979, akainuka akashinda kwa pambano kusimamishwa raundi ya 11. Kwa Renaldo Snipes vilevile mwaka 1981: aliangushwa raundi ya saba, akashinda ya 11. Alitetea ubingwa mara 20 akitegemea zaidi ule mkono wa kushoto ulionyooka. Dosari yake ipo: mwaka 1983 aliachia mkanda wa WBC (Baraza la Ndondi la Dunia) badala ya kupigana na Greg Page, na Tim Witherspoon alimpa shida ambayo wengi hadi leo wanaihesabu kuwa wizi.

Akibisha mtu, mtafutie video ya pambano la Holmes na Norton, Juni 1978. Zima sauti, maana watangazaji humpigia debe mmoja. Kila raundi andika 10 kwa mshindi na 9 kwa mwenzake, hapohapo kengele ikilia, si mwishoni. Usihesabu ngumi zilizogonga glavu na viwiko. Norton alizuia nyingi namna hiyo. Majaji wawili walimpa Holmes 143-142, wa tatu akampa Norton kwa alama hizohizo.