Yangeyange nyuma ya mashine

Jumamosi usiku, baada ya Isha

Nimeshakoga, nimeshakula, nimekaa barazani na daftari, na mikono bado inavuma. Nikiilaza juu ya meza nausikia ule mtikisiko wa usukani umo ndani ya vidole. Leo nimekata majani ya kiwanja cha skuli nikiwa nimekaa kitako. Huu ni mwaka wa 11 tangu nikabidhiwe kiwanja hiki, na sijawahi hata siku moja kukikata bila ya kukitembea. Naandika leo leo, kabla sijaizoea mashine hii mpya ya kukalia.

Mashine ilishuka bandari ya Mkoani, hapa Pemba, Jumatatu, imo ndani ya sanduku la mbao, ikaletwa na lori dogo mpaka mlango wa skuli. Walioinunua ni wanafunzi wetu wa zamani walioko Maskati, Dubai na London. Walianza kuchanga tangu Ramadhani ya mwaka jana, mmoja akituma kila mshahara, mwengine mara moja tu, na majina yao wote wameyaandika kwenye karatasi wakaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Niliibandua kwa kisu, taratibu, isichanike. Wanane kati yao niliwasomesha mwenyewe. Mmoja nilikuwa nikimhamisha kiti kila wiki kwa sababu akikaa karibu na dirisha haoni ubao, anaona kiwanja tu.

Asiyeijua kazi hii atasema, majani tu, mashine ya kukalia ya nini? Kiwanja chetu ni mita 100 kwa 60, yaani mita za mraba 6,000. Kwa fyekeo tulikuwa watu watatu na tunamaliza siku ya tatu, na kama ni masika, tukifika goli la pili kule tulikoanzia pameshachipua. Baadaye tukapata mashine ya kusukuma, yenye kisu cha nusu mita hivi. Piga hesabu: mtu anakwenda kilomita 12 nyuma ya mashine ile, jua utosini, moshi wa petroli puani. Nilikuwa nazigawa, 6 Jumamosi na 6 Jumapili. Nilipokuwa na miaka 34 niliziweza. Sasa nina 45 na goti la kulia limekataa.

Kitabu cha mashine nimekisoma siku mbili, ukurasa kwa ukurasa. Kitu kilichokuja kwa jasho la watu hakijaribiwi jaribiwi. Injini ina pistoni moja. Chini ya tumbo lake limening'inia bakuli pana la chuma, inchi 42 ubavu kwa ubavu, kama sentimita 107, na ndani yake visu viwili vinavyozungushwa na mkanda. Haina gia za kubadilisha. Pedali moja inaipeleka mbele, nyengine inairudisha nyuma, na kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyokimbia. Pembeni ya kiti kuna mkono wa kupandishia na kuteremshia bakuli, na huo ndio unaoamua majani yabaki urefu gani.

Jambo ambalo ningelipita lau si kitabu ni upepo wa matairi. Mashine hizi husafirishwa matairi yakiwa yamejazwa kupita kiasi, na la kulia likizidi la kushoto, bakuli linalala upande na kiwanja kinatoka kama kichwa kilichonyolewa na mtoto. Kijana fundi wa pikipiki wa hapa kijijini alikuja na geji yake, akayateremsha mpaka paundi 14 mbele na 10 nyuma. Kisha tukaisukuma mashine kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi, tukachomoa waya wa plagi, akalala chali na rula ya darasani akapima kutoka ncha ya kisu mpaka sakafuni. Kulia. Kushoto. Tofauti ilikuwa milimita 9. Akakaza nati, akapima, akalegeza, akapima tena. Sikumharakisha. Alipoinuka mgongo mzima mweupe kwa vumbi, akasema, "Sasa milimita 2, Maalim." Nikamwambia hapo hapo, usiguse tena.

Leo asubuhi nilipanga watoto wa darasa la sita mstari mmoja kutoka kona hadi kona, mkono wa mwenzio unaugusa, wakakivuka kiwanja wakitazama chini. Kisu kinachozunguka kwa kasi ile kikikutana na jiwe hulirusha kama kombeo, na jicho halina spea. Wameokota vifuu vya nazi, vipande vya tofali, betri za redio, kandambili moja, na msumari wa inchi nne ambao sijui umeishije miaka yote hii katikati ya watoto wanaocheza pekupeku. Nikawaambia sasa kila mmoja akae nyuma ya uzio, na asiombe mtu kupanda, kwa sababu kiti ni kimoja.

Nilisubiri umande ukauke. Saa nne na nusu nikawasha.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mashine hii haikubali mtu anyanyuke. Nimekwenda kama mita 20, nikainuka kidogo nitazame nyuma nione nimekata vipi, injini ikazima. Moyo ulinipasuka, nikadhani nimeshaiharibu. Kumbe chini ya kiti kuna swichi: visu vikiwa vinazunguka na uzito ukitoka kitini, kila kitu kinasimama. Nikajaribu kurudi nyuma, visu navyo vikasimama. Nimefurahi sana kwa hilo. Watoto wetu hukimbilia chochote chenye magurudumu, na kinachokuja kwa nyuma dereva hakioni.

Nilianza kwa kuizunguka mipaka, kisha nikaenda moja kwa moja goli kwa goli, kila mstari ukiupanda uliopita kwa upana wa kiganja ili isibaki mistari ya manyoya. Bakuli niliweka juu. Majani yalikuwa ya sentimita 12 na hamu ilikuwa kuyashusha yote mara moja, kiwanja king'are, wapige picha wawatumie wenzao Maskati. Lakini ukoka ukiukata zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkupuo, mizizi inadhoofika na jua linauchoma. Kwa hiyo leo nimeacha 8. Siku chache zijazo nitashuka mpaka 5 na kitu.

Sasa niseme lililonishughulisha akili njia nzima. Kiwanja hiki nilikuwa nakijua kwa nyayo. Nakijua pale upande wa mashariki mbele ya goli ambapo mguu unazama hata wiki mbili baada ya mvua. Naujua mzizi wa mwembe unaotambaa chini kwa chini mpaka ndani ya mstari wa kona. Najua mahali penye kifauongo, kwa sababu kinanichoma. Leo, juu ya kiti, nyayo hazikuniambia kitu. Nilikuwa kama ninayepita kiwanja cha watu wengine. Hali hiyo ilidumu mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne au wa tano sauti ya injini ikashuka, ikawa nzito, halafu ikapanda tena. Nikageuka: ni pale pale mashariki, penye maji, ukoka umeshonana. Mstari uliofuata, sauti ikashuka tena pale pale. Nikaanza kusikiliza. Sehemu kavu injini inaimba nyepesi, penye ndago inakwaruza kidogo, penye ukoka mnene inaguna. Nilipofika kati ya kiwanja nilikuwa nakitambua tena, ila kwa masikio. Na nimeona jambo ambalo kwa miaka 11 miguu haikunionesha: kiwanja kinainama. Kutoka goli la juu hadi la chini kuna mteremko mdogo, na kutoka kitini, mistari ikiwa imenyooka, unauona. Ndiyo maana timu inayoanza kwa kushambulia chini hupata bao mapema.

Wakaja yangeyange. Wa mwanzo alitua nyuma yangu kama hatua kumi, mweupe, shingo mbele, akadona panzi. Kisha watatu. Nilipohesabu mara ya mwisho walikuwa 14, wanatembea nyuma ya mashine kama wanavyotembea nyuma ya ng'ombe, hawakushtushwa na mngurumo. Watoto nyuma ya uzio walikuwa wanapiga kelele kwa furaha, na mimi pia nilihisi furaha ile ile.

Wale yangeyange ni wa ami. Nasema wa ami kwa sababu kila siku huwaona nyuma ya ng'ombe wake watatu, bondeni. Naye alikuwapo, amesimama chini ya mwembe na mundu wake umechomekwa kiunoni, tangu nilipoanza. Adhana ya Adhuhuri ilipoanza nikazima injini. Ukimya ulikuwa mkubwa, masikio yanapiga mluzi. Nikateremka, nikamwamkia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Maalim. Hongera kwa chombo."

Akainama, akachota majani yaliyokatwa, akayafikicha kwa kidole gumba. Yalikuwa vipande vya urefu wa kucha.

"Umeyafanya unga haya."

"Ndivyo inavyokata, ami."

"Ng'ombe hali unga."

Hakusema kwa hasira. Lakini maneno yale yameniketi hapa. Ile mashine ya kusukuma ilikuwa haiwezi majani marefu, inazima. Kwa hiyo miaka yote ami alikuwa anatangulia. Alfajiri, umande ungalipo, anaingia na mundu, anakata marefu yote, anafunga matita, anapakia gari ya ng'ombe, na mimi nakuja baadaye kulainisha. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemruhusu. Udhaifu wa mashine ndio uliotufungisha mkataba, na leo imekuja yenye nguvu, nimeingia nayo bila hata ya kumpigia hodi.

Aliniuliza pia kwa nini nimengoja jua lipande hivi. Nikamwambia majani mabichi yenye maji hugandamana chini ya bakuli na kuziba. Akatikisa kichwa. Mundu wake unataka umande, jani likiwa limejaa maji hukatika vizuri, likikauka linateleza. Nikakumbuka kitu nilichokuwa nikiwasomesha watoto katika historia ya viwanda. Mashine ya kwanza ya kukatia majani alibuni Edwin Budding, fundi wa Stroud huko Uingereza, mwaka 1830. Alipata wazo kutoka mashine ya kiwanda cha nguo iliyokuwa inapunguza manyoya ya kitambaa cha sufu kwa visu vya kuzunguka. Kabla ya hapo bustani za matajiri zilikatwa na wanaume wenye miundu mirefu, nao waliamka alfajiri kwa sababu hiyo hiyo ya ami: umande. Miaka ile ya 1830 ndiyo Sayyid Said alikuwa anahimiza mikarafuu ipandwe Unguja na Pemba. Nimesomesha yote mawili mara nyingi, na sijapata kujiuliza wale wa miundu mirefu walikwenda wapi.

Nilimsihi asikusanye ule unga akaurundika zizini. Majani mabichi yaliyosagwa yakilundikana hupata moto ndani kwa ndani, yanachacha, na yanaweza kumdhuru ng'ombe tumbo. Ni bora yabaki kiwanjani, yaoze, yarudi udongoni kama mbolea. Akasema, "Kwa kiwanja vyema." Akaenda kusali, nami nikaenda.

Alasiri nilimaliza. Kwa jumla saa 2 na dakika 10, na petroli kama lita 6. Nimeosha bakuli kwa maji ya kisima, maana hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma, nikalifuta kwa kitambaa.

Jumanne asubuhi

Jana jioni nilikwenda kwa ami. Nilichukua kitabu cha mashine, nikamfungulia ukurasa wenye picha ya mteremko. Mwisho ni nyuzi 15, zaidi ya hapo mashine inaweza kupinduka, na hata chini ya hapo unapanda na kushuka, hukati ubavuni. Kingo yote ya nyuma ya goli la chini, ile inayoteremka bondeni kwenye mpunga, imezidi. Nikamwambia ile ni yako, ami, mashine haitaigusa.

Akaitazama picha muda mrefu. Akasema kingo haina ukoka wa maana, mzuri uko katikati. Ni kweli, na nilikuwa najua kwamba ni kweli wakati namwambia.

Basi tumekubaliana, safari hii kwa mdomo. Mvua zikikolea na majani yakivuka goti, kabla sijaingiza mashine, yeye ana siku mbili za alfajiri. Na mimi sipotezi, kwa sababu majani marefu hata hii inayachukua kwa taabu, mkanda unapata moto. Nimemwandikia mwalimu mkuu na kamati ya skuli ili wajue, isije ikawa maneno ya watu wawili tu.

Leo baada ya Alfajiri nilimkuta kingoni, mundu unasema *shwa, shwa*, mgongo umeinama sawasawa na mteremko. Alipofunga tita la pili nilimshikia ncha ya kamba, tukalinyanyua pamoja tukalipandisha garini. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na limelowa, limenilowesha kifua chote. Mita ya mashine inasoma saa 2 na kidogo. Kitabu kinataka oili ya kwanza ibadilishwe ikifika 5.