Taa za gari yangu ya zamani: nilikimbilia LED, kumbe mwanga ulikuwa unapotelea kwenye waya

Gari yangu ni ya 1996 na kwa muda mrefu nikiendesha usiku nilikuwa nauinamia usukani, macho yamebana, natafuta barabara iko wapi. Dimu, ile taa ya kumulika karibu, ilikuwa na mwanga wa njano uliochoka kama wa kibatari, fulu nayo, ile ya kumulika mbali, inamulika matawi ya miti. Mvua ikinyesha ndo usiseme, lami ikishalowa inameza mwanga wote.

Nikafanya kile ambacho wengi tunafanya. Nikanunua balbu za LED zile za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi ya H4 (aina ya balbu yenye dimu na fulu pamoja), boksi limejaa manamba ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, nikafunga mwenyewe nikawasha mbele ya ukuta, aisee nilifurahi, ukuta mweupe pee. Siku 3 nikaendesha nikiwa na raha ila kila gari inayokuja inanipigia fulu, na mi niko dimu, nikawa nawashangaa hawa watu wana nini. Mwisho nikamwomba mdogo wangu aichukue gari tutafute barabara isiyo na magari, mi nishuke nisimame pembeni yeye aje usawa wangu akiwa na dimu.

Sikuona kitu. Yaani sikuona ukingo wa lami, sikuona miguu yangu mwenyewe, na alipopita nikabaki na madoa ya zambarau machoni nimesimama palepale naogopa kupiga hatua. Nikawaza mama aliyebeba mtoto mgongoni anatembea pembeni ya barabara, au mtu wa baiskeli, halafu anakuja mtu kama mimi na taa zile. Siku 3 nimewafanyia watu hivyo. Iliniuma na bado inaniuma, ndo maana naandika hapa.

Usiku uleule nikazitoa, nikaichukua balbu ya zamani mkononi nikaichungulia kwa tochi (shika chuma, kioo usikiguse, mafuta ya vidole yakibaki pale kioo kinapata moto kupita kiasi sehemu ile na balbu inakufa mapema). Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani. Ule wa dimu chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma, kama kijiko cha mtoto kimeukinga, na kile kijiko ndo siri yote. Kinazuia mwanga usishuke nusu ya chini ya riflekta (lile bakuli linalong'aa ndani ya taa), unapiga nusu ya juu tu, na riflekta ya juu inaurudisha mwanga kuelekea chini barabarani. Ukingo wa kile kijiko ndo unaochora ule mstari unaouona ukutani, chini mwanga juu giza, na upande mmoja kimekatwa kwa mshazari ili mwanga upande kidogo kumulika pembeni ya barabara, mbali na macho ya anayekuja. Kwa hiyo kama gari yako ilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha upande mwingine wa barabara, ule mshazari unawamulika wenzako usoni hata balbu ikiwa ya kawaida kabisa, liangalie hilo kwanza.

Riflekta ilipigiwa hesabu kwa uzi ulio mahali fulani hasa, milimita moja ikihama mwanga unaenda kwingine. LED haina uzi, ina vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za kibao, nacho kina unene wake, na zile nilizonunua mimi kijiko chake kilikuwa cha kuigiza tu. Mwanga ukamwagika kila mahali. Sisemi LED zote ni mbaya, zipo zilizopimwa vizuri, Ujerumani tangu 2020 wameanza kuziruhusu barabarani lakini kwa modeli za gari na taa ambazo zimejaribiwa na balbu hiyohiyo, sio kila gari. Ya kwangu hakuna aliyeijaribu.

Na kuna kitu kingine ambacho sikukitegemea. Mwanga mkali ukimwagika karibu na boneti macho yanazoea ukali huo, mboni inajibana, halafu kule mbali ambako ndo unahitaji kuona panakuwa peusi zaidi. Unajiona unaona vizuri na huoni.

Sasa kilichonisaidia. Nilienda kwa fundi wa umeme wa magari, mzee mmoja mpole, nikamwambia mzee nataka balbu kali zaidi, hata zile za wati 100. Akaniuliza, "Kijana, umepima?" Kupima nini tena. Akachukua mita, gari inaunguruma, dimu zimewaka, akapima kwenye betri ikasoma volti 14.1. Akaenda nyuma ya taa, akachomeka ncha za mita kwenye soketi balbu ikiwa inawaka. 11.2. Akanionyesha ile namba akasema, "Taa zako hazina ugonjwa, zina njaa."

Karibu volti 3 zilikuwa zinapotelea njiani. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wote wa taa unatoka kwenye betri unapita kwenye swichi ya usukani kisha unarudi mbele, waya mwembamba, soketi zimeshika kutu, ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) imelegea. Na balbu ya halojeni, hii ya kawaida yenye uzi, haipungui mwanga kwa kadiri volti inavyopungua, inaporomoka. H4 ya kawaida ya wati 60/55 inapimwa kwa volti 13.2, hapo dimu inatoa lumeni kama 1000 na fulu 1650. Ukiipa 11.2 mwanga unabaki kama asilimia 57 tu. Yaani nilikuwa naendesha na nusu ya taa halafu nalaumu balbu! Na zile za wati 100 nilizokuwa nazitaka zingevuta umeme mwingi zaidi kwenye waya uleule mwembamba, swichi na soketi zinaweza kuyeyuka kabisa.

Dawa yake ni rilei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mbili, moja ya dimu moja ya fulu. Umeme mkubwa unatoka betri moja kwa moja na waya mnene, wa kwangu ni milimita mraba 2.5, unapita kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri (hapo usifanye mchezo, waya usio na fyuzi ukigusa bodi ni moto), unaingia kwenye mguu wa rilei ulioandikwa namba 30 unatokea 87 kwenda kwenye balbu. Ule waya wa zamani wa taa unaishia kwenye 86 kazi yake iwe kuamsha rilei tu, 85 inaenda ethi. Balbu mbili za wati 60 zinavuta kama ampea 10 kwa hiyo fyuzi ya 15 inatosha. Ethi za taa nazo tukaziweka mpya, tukasugua bodi mpaka chuma king'ae. Tukapima tena, 13.6.

Kioo cha taa changu ni plastiki na kilikuwa kimepauka njano. Msasa wa maji 800, kisha 1500, kisha 2000, mkono wa taratibu na maji mengi, halafu polishi, halafu lazima upake klia ya kuzuia jua, ukiiacha hiyo kitapauka tena haraka. Nilimaliza jumamosi nzima. Riflekta ndani ilikuwa bado inang'aa, ingekuwa imebabuka hakuna balbu ingesaidia, ni kubadilisha taa.

Balbu nikaweka halojeni mpya za wati zilezile 60/55 za kampuni inayoeleweka. Zipo zile zinazoandikwa mwanga zaidi kwa asilimia kadhaa, kweli zinasaidia ila uzi wake unafanya kazi kwa moto mkali zaidi, zinaungua mapema, mi niliziacha.

Mwisho kuseti. Gari kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa matairi sawa, mdogo wangu kakaa kwenye usukani, mita 10 kutoka ukutani. Ukapima kimo cha katikati ya taa kutoka chini ukaweka alama ukutani, ule mstari wa dimu unatakiwa ukae kama sentimita 10 chini ya alama. Moja ya zangu ilikuwa juu ya alama, na ndo ilikuwa inamulika miti.

Tukarudi kwenye ile barabara. Nikasimama palepale, akaja. Mwanga ukanifika magotini ukabaki hapo, nikaona changarawe, nikaona ukingo wa lami, na alipokaribia nikaweza kumwona yeye mwenyewe nyuma ya kioo ananipungia mkono.