Chupa Bado Ina Uhai: Jioni ya Bia Bruges

Kemelstraat ni mtaa mfupi na mwembamba katikati ya Bruges, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Salvator. Mlango namba 5 ndio wa 't Brugs Beertje, baa iliyofunguliwa mwaka 1983 kwa ajili ya bia za Ubelgiji. Meza ni za mbao, zimekaa karibu karibu, kutani kuna mabango ya zamani ya viwanda vya bia, na menyu ina bia zipatazo 300. Wenyeji huita mahali pa namna hii «bruin café», mkahawa wa rangi ya kahawia, kwa sababu ya mbao zake na kuta zilizogeuka kahawia kwa moshi wa sigara wa miaka mingi. Kuvuta sigara ndani ya mikahawa na baa za nchi hiyo kulipigwa marufuku Julai 2011. Rangi imebaki.

Kabla hujafungua menyu, jua hili: nyingi ya bia hizo bado zina uhai. Mtengenezaji, kabla ya kuziba chupa, huongeza sukari kidogo na hamira mpya, kisha huziweka chupa kwenye chumba chenye joto kwa wiki mbili tatu. Hamira inakula ile sukari na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, inayeyukia ndani ya bia. Hapo ndipo yanapopatikana mapovu madogo, laini, na pia yale mashapo unayoyaona chini ya chupa. Kwenye lebo tafuta maneno «hergist in de fles», au kwa Kifaransa «refermentée en bouteille». Ukishayaona, chupa hiyo inadai ushikaji wake: joto lake, glasi yake, umiminaji wake, hata umri wake una maana.

Bruges ni mji unaozungumza Kiholanzi, kile cha Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji. Usianze na Kifaransa ukidhani Ubelgiji yote ni moja. «Goedenavond» unapoingia, «alstublieft» unapoagiza na «dank u» unapopokea vinatosha, na mengine utayasema kwa Kiingereza bila shida. Tafuta kiti, kaa, subiri mhudumu aje. Ukimwambia tu akupe bia nzuri, umemwachia kazi ya kubahatisha kati ya chupa 300. Mwambie kama unapenda uchungu, kama uchachu unauweza, na unataka kileo kiasi gani. Atakujibu kwa bia mbili au tatu, na mara nyingi atakuwa amepatia.

Kosa linaloharibu jioni nyingi ni kuanzia juu. Mtu amesikia sifa za Rochefort 10, anakaa, anaiagiza ya kwanza. Bia hiyo ina asilimia 11.3 ya kileo. Chupa yake ya sentilita 33 ina karibu mililita 37 za kileo kitupu, na chupa kama hiyo ya bia ya asilimia 5 ina 16 na nusu tu. Umekunywa zaidi ya bia mbili na bado unajihesabia moja. Halafu kuna ulimi. Ukishapita kwenye ladha ya sukari iliyoungua na zabibu kavu, bia nyepesi inayofuata itakuwa kama maji. Afadhali uanze na Brugse Zot ya asilimia 6, bia ya mji wenyewe. (Kiwanda chake, De Halve Maan, bado kinapika katikati ya mji, na tangu 2016 bia husafiri kwa bomba la chini ya ardhi lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 hadi mahali pa kujazia chupa, ili malori yasiendelee kusumbua mitaa ya kale.) Kisha Orval, asilimia 6.2. Kisha Westmalle Tripel, asilimia 9.5 (tripel ni bia kali ya rangi ya dhahabu), na nzito ndiyo ya kufungia. Nne kwa jioni moja ni nyingi. Tatu na maji katikati ndicho kipimo kizuri.

Sasa kumimina. Mara nyingi mhudumu huleta chupa imefunguliwa pamoja na glasi, na anaweza kukuachia kazi. Inamisha glasi nusu, mdomo wa chupa usiiguse. Mimina polepole kwa mkondo mmoja usiokatika, uteleze ubavuni mwa glasi. Bia ikifika nusu, anza kuisimamisha glasi na uelekeze mkondo katikati, povu lipande hadi unene wa vidole viwili. Macho sasa yawe kwenye shingo ya chupa. Utaona bia safi ikipita, kisha uzi mwembamba wa ukungu ukitangulia mashapo. Ukiuona uzi huo, acha. Sentimita moja hivi ibaki chupani.

Wanaoharibu ni wale wanaomimina kwa vipande: kidogo, wanaisimamisha chupa, wanasubiri povu lishuke, wanamimina tena. Kila unapoisimamisha, bia iliyobaki inarudi nyuma kwa kishindo na kuchota mashapo yote, na glasi inajaa tope. Mashapo hayana madhara. Ni hamira, ina ladha ya unga wa mkate na uchungu kidogo, na wapo wanaoyanywa mwishoni peke yake. Mimi naona yanaua unyofu wa tripel, lakini kwenye bia nyeupe ya ngano yanatakiwa: hapo unaacha kidogo, unaizungusha chupa, unamalizia yote.

Glasi haiko pale kwa urembo. Ya Duvel ni pana kiasi cha kupokea chupa nzima ya sentilita 33 pamoja na povu lake lote, na chini kabisa imechongwa alama ndogo: gesi inashika kwenye michubuko hiyo na kuendelea kupanda, povu lisife. Ya Kwak ina tumbo la duara chini na husimama kwenye kishikio cha mbao. Iinue taratibu unapofika mwisho, kwa maana ukiiinamisha ghafla hewa inaingia kwenye lile tumbo na bia yote inakurukia usoni. Adui wa glasi zote ni mafuta. Rangi ya midomo, vidole vilivyoshika chipsi, sabuni isiyosuuzwa vizuri, vyote huvunja povu. Baa nzuri husuuza glasi kwa maji baridi kabla ya kumimina, na unaponywa, povu huacha pete nyeupe ukutani mwa glasi, moja kwa kila funda. Povu likitoweka dakika ya kwanza bila pete hata moja, omba glasi nyingine.

Orval inastahili maneno yake. Lebo yake inaonyesha tarehe ya kujazwa chupani, na hiyo ndiyo ya kusoma kwanza. Ndani yake kuna hamira ya porini iitwayo Brettanomyces, ambayo hula polepole sukari ambazo hamira ya kawaida haiziwezi. Ikiwa na miezi michache inanukia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na uchungu wake ni mkavu, wa wazi. Baada ya miezi sita na kuendelea hopsi zinarudi nyuma, na inakuja harufu ya ngozi na ya ghala la majani makavu. Ni bia mbili zenye jina moja. Baa zinazoijali huwa nazo zote, kwa hiyo uliza: «jong of oud?», changa au kongwe. Nyuzi 12 hadi 14 zinaifaa. Ikiletwa baridi ya barafu, ishike glasi viganjani usubiri.

Kwa wenye kupenda uchachu, ya jirani ni Rodenbach Grand Cru kutoka Roeselare, ambayo theluthi mbili yake imekaa miaka miwili kwenye mapipa makubwa ya mwaloni. Geuze hutoka upande wa Brussels, bonde la mto Senne na Pajottenland, na ni mchanganyiko wa lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, yaani bia chachu iliyochachushwa na vijidudu vya hewani bila kuongezwa hamira. Tafuta neno «oude» kwenye lebo, kwani «Oude Geuze» na «Oude Kriek» (kriek ni lambic ya cheri) ni majina yanayolindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Bila neno hilo, mara nyingi unapewa kitu kilichotiwa utamu. Chupa kubwa ya geuze huhifadhiwa imelala na huletwa imelala hivyo hivyo kwenye kikapu kidogo. Usiitoe ukaisimamisha kwa adabu ya meza: mashapo yamelala ubavuni, utayatibua. Imiminwe glasi zote mfululizo, chupa ikiwa imeinama muda wote.

Mambo ya kukataa bila aibu: harufu ya kicheche, dalili kwamba mwanga umeichoma hopsi, na hutokea zaidi kwenye chupa za kijani au zisizo na rangi; na harufu ya karatasi iliyolowa, dalili ya bia nyepesi iliyozeeka au kizibo kibovu. Geuze kuruka povu inapofunguliwa si ubovu, mara nyingi imetikiswa tu au ina joto.

Agiza vipande vya jibini na haradali na chumvi ya seleri. Huupumzisha ulimi kati ya bia na bia, ila futa vidole. Hesabu hufanywa mwishoni, «de rekening, alstublieft». Huduma imo kwenye bei. Kuongeza sarafu ni hiari.

Ukinunua chupa za kuondoka nazo, zifunge kwenye nguo katikati ya sanduku, si kwenye begi la mkononi. Ukifika, za kizibo cha bati zisimamishe mahali penye giza na ubaridi kwa siku mbili tatu hadi mashapo yatulie. Geuze ilaze, na uipe wiki kadhaa kabla ya kuigusa.