Mama, Kaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Natumaini Krismasi imewakuta salama, na kwamba mlioko mashambani mvua imewakumbuka. Huku Dodoma ilinyesha usiku wa mkesha, ikarudia alfajiri. Tulikwenda ibadani tukiruka madimbwi, watoto wameshika viatu mkononi, na vilima vilivyokuwa vyekundu tangu Mei vimeanza kuota majani.

Neno la juma hili ni Yohana 1:14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Andiko hili nimelikariri tangu shule ya Jumapili. Nimelisikia likihubiriwa kila Desemba. Mwaka huu limenifikia kupitia mtoto wa miaka mitano, mbele ya televisheni, jioni ya tarehe 23.

Binti yangu anapenda sana katuni za Krismasi. Mwanzoni mwa Desemba tunapeleka flashi kwenye kibanda cha muvi hapa Ipagala, kijana anatujazia, na tangu siku hiyo nyumba inajaa kengele, nyota na wanyama wanaozungumza. Kwa miaka miwili nilikuwa na utaratibu wangu. Namfungulia muvi, namwekea bakuli la bisi na ubuyu kidogo, naenda jikoni. Nilijiambia kwamba nampa mtoto sikukuu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najipatia saa moja na nusu ya kumaliza kazi zangu na kujibu meseji. Akija mbio kuniambia, "Mama, punda amezungumza!" nilimjibu "Ehee, haya" bila kugeuza shingo. Na Biblia ina punda aliyezungumza, yule wa Balaamu katika Hesabu 22. Mtoto alinifungulia mlango wa Neno la Mungu kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikawa nakaanga vitunguu.

Jioni ile ya tarehe 23 aliniita mara mbili, sikwenda. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akashika upindo wa kanga yangu kwa vidole vyekundu vya ubuyu, akasema maneno mawili tu: "Mama, kaa." Nikachukua ungo wa mchele niliokuwa nauchambua kwa ajili ya pilau, nikaenda nao sebuleni, nikakaa kwenye mkeka.

Hebu tulitazame neno hilo alilolitumia. Katika Kiswahili tunasema "kaa hapa" tukiwa na maana ya kuketi, tena tunasema "nakaa Ipagala" tukiwa na maana ya kuishi. Mtoto hatenganishi. Anapokuambia kaa, anakuomba yote mawili, uteremke mpaka usawa wake na usiwe na haraka ya kuondoka. Waliotutafsiria Biblia walipofika kwenye Yohana 1:14 waliandika neno hilohilo, akakaa kwetu. Kigiriki chake kina hema ndani yake, kwamba Neno alipiga hema katikati yetu. Anayepiga hema amekusudia kulala hapo, kula hapo, kunyeshewa pamoja na wenyeji. Mungu angeweza kutuwashia mwanga kwa mbali akaendelea na shughuli zake za mbinguni. Hakufanya hivyo. Alikaa.

Basi tukakaa watatu, mimi, binti yangu, na mama yangu aliyekuja kutoka Mvumi kula sikukuu nasi. Mama si mtu wa televisheni. Alikuwa kwenye kochi na shuka lake mabegani, nikadhani anasinzia. Muvi ikafika mahali mtoto Yesu amezaliwa, kwenye banda safi la mbao, majani makavu yanang'aa kama dhahabu. Mama akasema, "Zizi gani hilo, halina hata samadi?"

Mjukuu wake akageuka. "Bibi, wewe umeona zizi?"

Mama alizaliwa kwenye tembe, nyumba ya asili ya sisi Wagogo, fupi, yenye paa bapa la miti na udongo. Akaanza kumweleza. Jioni ndama na mbuzi wadogo waliingizwa ndani kwa sababu ya fisi na baridi. Watoto walilala wakisikia wanyama wanacheua. Usiku wa kipupwe joto la mifugo lilifika mpaka walipolala. Hakuna aliyeona kwamba ni aibu. Mifugo ilikuwa mali ya nyumba, na nyumba ilikuwa ya wote.

Nilikuwa nimeacha kuchambua mchele. Zamani nilifundishwa jambo kuhusu Luka 2:7 ambalo sikuwahi kulielewa kwa moyo mpaka nilipomsikia mama. Neno ambalo Biblia yetu inaliita "nyumba ya wageni" ni kataluma kwa Kigiriki, na Luka analitumia tena katika sura ya 22:11 kwa maana ya chumba cha wageni, kile ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake. Anapotaka kutaja nyumba ya wageni ya kulipia, kama ile ambako Msamaria alimpeleka mtu aliyejeruhiwa (Luka 10:34), anatumia neno lingine. Ndiyo maana wako wanazuoni wanaosema kwamba Mariamu hakufukuzwa hotelini. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa, akajifungulia sehemu ya kawaida ya nyumba, ambako katika nyumba nyingi za watu wa kawaida wa nchi ile mifugo iliingizwa usiku na hori lilikuwa humohumo ndani. Mwenye hoteli mkali tunayemwona kwenye muvi na kwenye maigizo yetu ya kanisani hayumo katika Injili. Hata punda wa Mariamu hayumo.

"Kwa hiyo Yesu alizaliwa kwenye tembe?" binti yangu akauliza.

"Tembe ya kwao," bibi yake akamjibu.

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu kuzaliwa kwa Bwana. Sijapata maelezo yanayonitosha kama hayo.

Muvi ikaendelea, na furaha ileile ikageuka hofu kwa mtoto wangu. Askari wa Herode wakatokea na mienge, farasi wanakuja mbio, muziki umebadilika. Binti yangu aliruka kutoka alipokuwa akaniangukia mapajani, ungo ukapinduka, mchele wote ukamwagika mkekani. Akaficha uso kwenye kanga yangu. Niliusikia moyo wake unadunda kwa kasi, kama kifaranga unapomshika kiganjani. Nikataka kuuwahi mchele. Mama akasema, "Uache. Mchele utaokotwa." Nikabonyeza rimoti, picha ikasimama.

Akauliza akiwa bado amejifunika, "Mama, wale wanakuja kwetu?"

Nilimwambia hapana. Nilimshukuru Mungu kwamba naweza kusema hapana, maana ziko nyumba duniani usiku huu ambako mama hawezi kumjibu hivyo mtoto wake. Kanisa halikuwasahau watoto wale wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, ni kumbukumbu yao. Kisha nikamweleza jinsi malaika alivyomwamsha Yusufu katika ndoto, jinsi alivyomchukua mtoto na mama yake usiku huohuo, wakakimbilia Misri.

"Misri ni wapi?"

"Ni huku kwetu Afrika. Kaskazini kabisa, ambako Mto Nile unaingia baharini."

Akatoa uso kwenye kanga. "Kwa hiyo Yesu alikaa Afrika?"

Nikachukua Biblia nikamsomea Mathayo 2:15: "akakaa huko hata alipokufa Herode." Katika Kiswahili chetu ni neno lilelile. Alikaa Bethlehemu kwenye hori, akakaa Misri kama mkimbizi, akakaa Nazareti. Popote palipokuwa na hofu ya watu, alikaa hapo.

Wapendwa, jambo lililofuata ndilo lililonifanya niandike tafakari hii. Nikiwa bado nimempakata, nilimwuliza, "Na mwaka jana ulipoiona hii uliogopa?" Ni muvi ileile, haikufutwa kwenye flashi. Akajibu kama anayeeleza jambo la kawaida: "Nilijificha nyuma ya kochi."

Mwaka jana nilikuwa jikoni, hatua labda nane kutoka kwenye kochi hilo. Mtoto wa miaka minne alijificha peke yake kutoka kwa askari wa Herode ndani ya nyumba yangu, na mimi sikujua. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba kwa maneno kamili, "Mama anaomba msamaha kwa kukuacha peke yako," naye akasema "Sawa mama," akaniuliza kama tunaweza kuendelea. Tukaendelea. Askari walipita, familia ikafika salama, na mkono wake haukuachia kidole changu mpaka majina ya mwisho yalipokuwa yanapanda kwenye kioo.

Najua wako ndugu katika Bwana ambao hawapendi kabisa muvi katika nyumba ya Mkristo, hasa katika siku takatifu. Naheshimu dhamiri zao. Ila nakumbuka kwamba mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda, ili watu waione kwa macho yao hali ya umaskini aliyozaliwa nayo Bwana. Macho nayo yameumbwa na Mungu. Linalonisumbua mimi ni macho madogo kuachwa yatazame yenyewe, bila mtu mzima wa kuyauliza yameona nini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazazi wenzangu ni mfupi. Itazame muvi kwanza mwenyewe, hata kwa kuirukisha, ujue palipo na kutisha. Mtoto akiuliza, simamisha picha. Muvi itasubiri, swali halisubiri. Akikuuliza kama Baba Krismasi ndiye Mungu, kama binti yangu alivyoniuliza, usimcheke wala usimkaripie. Mwambie habari za Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya 4, katika nchi tunayoiita Uturuki leo, ambaye anakumbukwa kwa ukarimu wake, na kwamba mzee mwenye ndevu nyeupe ametokana na kumbukumbu hiyo. Akiuliza kwa nini kwetu hakuna theluji, mtoe nje umwonyeshe mbuyu ulivyovaa majani. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo inakuja pamoja na Krismasi. Mtoto wa Dodoma asiionee wivu theluji ya watu.

Simlaumu mama anayefunga meza yake sokoni Majengo usiku na kurudi amechoka mpaka mifupani, wala baba anayelinda geti la watu usiku wa sikukuu. Mungu anaiona miguu yenu. Dakika kumi mkekani kabla mtoto hajalala ni kukaa pia. Torati iliposema tuwafundishe watoto "uketipo katika nyumba yako" (Kumbukumbu la Torati 6:7), ilianza na jambo hilo la kuketi, kabla ya njia na kabla ya kulala.

Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 tunamwona mara nyingi zaidi, na tarehe 24 alifika jioni, mvua imemlowesha mabega. Alisalimia, akasema atajinyoosha kidogo kwanza. Binti yangu alikuwa amemsubiri tangu asubuhi. Alikuwa amepanga kwenye mkeka mto mmoja wa baba, mmoja wa bibi na mmoja wangu, na katikati ameweka bakuli la ubuyu. Alitaka kumweleza baba yake habari ya tembe, ya mienge na ya Misri, kisha waione pamoja toka mwanzo. Alimshika mkono akamvuta.

"Baba, kaa."

Akakaa, begi likiwa bado begani.